Mama wa Vugo na Mwana Asiyesalimia

Sisi watu wa Wiyoni hatukuwa na haja ya king'ora wala redio, maana tulikuwa na yeye. Akiita kuku wake, kuku wa Manda, ng'ambo ya pili ya maji, walinyanyua vichwa. Akipiga chafya, punda walisimama. Siku moja alimwita mpwawe aliyekuwa uwani, "Ndoo!", ndivyo sisi wa Amu, yaani Lamu, tusemavyo njoo, na naapa kuna boti iliyokuwa ikitoka Mokowe ikageuza kichwa. Atakayesema natia chumvi, na atie maji. Mchuzi ni wangu.

Jina alikuwa nalo, tena jina zuri, lakini hakuna aliyelitumia. Kwetu alikuwa Mama wa Vugo, ikatosha. Kwa asiyelijua, vugo ni shangwe ya wanawake harusini: pembe ya nyati iliyokauka mkono huu, kijiti mkono huu, wanawake wanajipanga mtaani, wanaimba na kugonga mpaka nyumba ya bibi harusi itambue kwamba imefikwa na jambo la heri. Vugo bila yeye lilikuwa kina mama wanaogonga vyombo. Yeye akinyanyua kijiti, hata mwanamke aliyeachwa juzi alijiona biarusi.

Basi mwanamke huyo, mwenye kelele kuliko kisiwa kizima, Mungu alimpa ukuta mmoja na mtoto asiyestahimili kelele. Hekima za Mungu ziko mbali, lakini hii naona aliileta karibu makusudi ili tuione.

Mtoto ni Zena. Mama yake, mwanamke wa sauti ndogo ambaye sote tulimwita Mama Zena, alikuwa na binti mkubwa, Rahma, na huyu mdogo. Baba mtu alifanya kazi bandarini Mombasa, akawa anaonekana nyumbani kama mwezi wa Idi. Zena alikuwa haongei, au akiongea ni neno moja lililokaa peke yake kama kisiwa. Hakutazama mtu machoni. Alipita mtaani vidole vikiburura ukuta, na akifika pahali penye punda alirudi nyuma na kuanza ukuta upya. Alikula mkate wa mofa mkavu, tena kingo zake tu. Ukimwekea mchuzi juu, siku ile imekwisha. Alinusa kila kitu: kanga, mlango, jiwe, bega la mgeni. Na kelele zikimwangukia ghafla, alilia kilio ambacho mtu akikisikia mara ya kwanza anatafuta nani amechinjwa.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya vita. Mama wa Vugo alijaribu pembe zake Alhamisi, harusi zikiwa mwisho wa juma, na ukuta baina yao ulikuwa wa mawe ya matumbawe yenye matundu. Pembe zikilia upande huu, Zena alilia upande ule. Siku moja Mama wa Vugo akatoka amefura, akasimama mlangoni kwa Mama Zena, mikono kiunoni.

"Mwana wako atukana pembe zangu!"

"Hatukani, Bi. Zamuumiza."

"Zamuumiza? Pembe zaoza watu, zitamuumiza mwana?"

Na hapa nisimpambe. Yeye ndiye aliyefanya la ovyo kuliko sote. Alisema masikio huzoezwa kama ngozi ya ngoma, akaja na pembe yake kubwa, ile nyeusi aliyoipenda kuliko mume wake wa pili, akaigonga karibu na kichwa cha mtoto. Mtoto akakipiga kichwa chake ukutani. Akakipiga tena. Mama Zena akatia kiganja chake baina ya kichwa na jiwe, akabaki hivyo, kiganja kikipokea. Mama wa Vugo aliinamisha pembe. Sikuwahi kumwona amenyamaza, nikadhani kafa wima. Akaenda zake kwao ameikumbatia ile pembe kama samaki aliyeoza ambaye huna pa kumtupa.

Baada ya siku ile Alhamisi zikawa kimya. Mtaa ukaingia hofu. Watu waliulizana kama kuna msiba.

Kilichowapatanisha ni mafuta. Pembe za vugo hupakwa mafuta ya nazi zisipasuke, na Mama wa Vugo alikuwa uwani kwake akizipaka, mlango wazi, mimi niko naye namenya vitunguu na kuteta watu. Zena akaingia. Hakusalimu, hakutazama. Akakaa chini, akachukua pembe, akainusa toka ncha mpaka shina, kisha akaiweka chini ya kidevu chake, ikagusa mfupa. Akachukua kijiti. Akagonga mwenyewe, ko. Akasubiri. Ko.

Mimi nikafungua mdomo kusema mashaallah. Mama wa Vugo akanirushia kitunguu.

Mtoto akagonga mpaka akatosheka, akaiacha pembe pale, akaondoka. Na yule mwanamke akakaa akiitazama pembe kama mtu aliyeambiwa habari za mumewe.

"Bi Cheti," akaniambia. Alinipa jina hilo kwa sababu nilikuwa nasoma masomo ya jioni ya watu wazima na nilikuwa nikiwatangazia walimwengu kuhusu cheti kabla sijakipata. "Bi Cheti, si kelele zimuumizazo. Ni kelele za kurukiwa."

Toka siku hiyo akaanza kunyanyua. Akitaka kugonga, kwanza aliinyanyua pembe juu ya ukuta wa uwani, Zena aione. Akasubiri. Zena akaziba masikio, au akaenda chumba cha ndani, au, siku nyingine, akabaki. Ndipo zikalia. Akawafundisha wanawake wake wote: mtaani kwetu msigonge kabla ya kunyanyua. Pembe juu, kimya, kisha ngoma. Ikawa nzuri ajabu, zile pembe zote hewani na pumzi zimeshikwa. Akaja mgeni mmoja mwenye kamera kubwa kama mzinga, akaniuliza ile maana yake nini. Nikamwambia ni desturi ya kale sana, tangu enzi za mababu wa mababu, ya kuomba radhi kwa nyati. Akashukuru mpaka akainama. Nadhani huko aliko anawaeleza watu.

Neno lenyewe, la hali ya Zena, tulilipata darasani. Mama wa Vugo aliniona nakwenda masomo ya jioni, akasema naye atakwenda, kwani mimi nina kichwa gani asicho nacho yeye. Tulisomea katika darasa la watoto wadogo, magoti yakigonga meza. Mwalimu alikuwa kijana wa bara, mpole, anayevaa soksi katika joto lile. Mama wa Vugo alisoma herufi kwa sauti yake ya kawaida, na waliokuwa msikitini walikuja kuuliza kama tunaweza kusoma kimoyomoyo. Jioni moja mwalimu akawa anatueleza habari za afya ya watoto, na yeye akanyoosha mkono na kuanza kusema bila kuruhusiwa. Akamweleza Zena mzima: ukuta, kunusa, kingo za mkate, kilio.

Mwalimu akaweka chaki chini. "Mama, hiyo inaitwa usonji. Mimi nina dadangu yuko hivyo. Sio ugonjwa wa kumwambukiza mtu, na sio malezi mabaya. Amezaliwa akili yake ikisikia dunia kwa njia ingine. Kuna vile anaweza saidiwa akae vizuri na aseme anachotaka, lakini kwanza lazima nyinyi mmwelewe."

"Yapona?"

"Si homa, mama, hata ipone. Ni yeye mwenyewe."

"Dadako asema?"

"Kidogo. Lakini ukimkosea, utajua."

Mama wa Vugo akacheka kicheko cha kung'oa mabati. Akainuka, akajifunga buibui lake. Mwalimu akamwuliza anakwenda wapi, somo halijaisha. "Mimi nalikuya kutafuta neno moya," akasema, "nimelipata. Herufi zilizosalia mwatieni Bi Cheti." Hakurudi tena. Mimi nikamaliza, nikapata cheti, nimekitia fremu. Yeye na neno lake moja alifanya makubwa kuliko mimi na fremu yangu, na hilo nalisema kwa roho safi, ingawa fremu ni ya mbao nzuri.

Maana neno lile aliligeuza bakora. Mtu akisema Zena ana pepo: "Usonji!" Mtu akisema mamake alimdekeza: "Usonji, wewe, huna masikio?" Mzee mmoja aliyesema labda mama mtu alikula kitu kibaya mimba ikiwa changa, alifuatwa na neno hilo kutoka kisimani mpaka kwake, na akafunga mlango, na likaingia dirishani. Alikuwa na maneno yake mengine ya kukata watu. Lile nilipendalo ni hili: "Pweza hana mfupa hata mmoya, mbona hamumpeleki kwa daktari?"

Kosa la watu wetu si ukatili. Laiti lingekuwa ukatili, angelimaliza kwa juma moja. Kosa letu ni mikono. Mtoto wa mtaa ni mtoto wa wote, akilia tunamkimbilia wote. Huyu anamkamata bega, huyu anampuliza usoni, huyu anamsomea, huyu amekuja na chetezo cha ubani moshi unafuka, huyu anamvuta mamake amwulize kumetokea nini, na wote wanasema kwa pamoja "Nyamaza, nyamaza, nyamaza" kwa sauti za kuamsha waliozikwa. Zena katikati ya upendo ule alikuwa kama mtu anayezama huku anatupiwa mawe ya dhahabu. Mama wa Vugo alikuja na ufagio. Sisemi kwa mfano, ufagio wa makuti. "Mikono mbali! Rudini nyuma! We, wapuliza nini, yeye ni uji?" Akawafagia mpaka mwisho wa uchochoro, akasimama kuwapa mgongo wake mpana, na Zena nyuma yake akarudi polepole duniani, vidole ukutani.

La pili lilikuwa salamu, na hapo aligusa nyongo ya kisiwa. Kwetu unaweza kuwa mwizi ukasamehewa, lakini upite barazani kwa watu usisalimu! Mtoto hupita akashika mkono wa mkubwa na kuubusu, na asipofanya, wanaotukanwa ni wazazi. Zena alipita barazani kama upepo upitavyo. Wazee walimnyooshea mikono, mikono ikabaki hewani. Mama Zena alikuwa anakwenda nyuma yake akiomba radhi mlango kwa mlango, mpaka radhi zikamchosha, akaacha kumtoa mtoto nje.

Mama wa Vugo alipojua kwamba mtoto hatoki kwa sababu ya salamu, alikwenda baraza kubwa la wanaume, baada ya alasiri, wanapokunywa kahawa. Mwanamke! Akasimama mbele yao.

"Assalamu alaikum, wazee wangu."

"Wa alaikumu salaam, Bi. Kuna nini?"

"Mwanitikia. Vyema. Mimi nimesalimu kwa ajili yangu na kwa ajili ya Zena, salamu za leo na za kesho na za mwaka. Msimdai tena. Akipita, mwacheni apite."

Mzee mmoja akasema, "Bi, adabu ni adabu."

"Na bwana mkubwa wewe usingizini huwa wasalimu?"

"Usingizini mtu hana hukumu."

"Basi na yeye hana hukumu. Tena yeye yu macho na aisikia kahawa yenu kabla hamjaipika. Mwulizeni, atakwambieni imeungua."

Wakacheka, na mtu akishacheka amekwisha kushindwa. Zena akaanza kutoka tena.

Lakini nisimfanye malaika, atakasirika. Subira aliyokuwa nayo kwa Zena hakuwa nayo kwa kiumbe mwingine yeyote. Wanawake wa vugo aliwafinya wakikosea mapigo. Mimi nina alama. Alimburura Mama Zena mpaka hospitali kumwonyesha mtoto, akapigana mpaka Zena akapata nafasi katika darasa la watoto wenye mahitaji yao, na wakati huohuo yeye mwenyewe ana presha na hakukubali kutibiwa, alisema dawa za bara zinamkausha koo. Na baada ya kuwafokea watu wote kuhusu kombe, ile sahani ya aya zilizoandikwa kwa zafarani, nilimkuta yeye mwenyewe anamchanganyia Zena kombe. Nikashika kiuno.

"Eh, Bi! Na sisi tukikatazwa?"

"Nyinyi mwafukuza pepo. Mimi naombea." Akakoroga. "Dua ni dua, ujinga ni ujinga. Na ukimwambia mtu nitakupasua."

Nimewaambia. Anipasue.

Sasa nije kwenye harusi ya Rahma, dada mtu, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa yeye hasa.

Rahma aliposwa na kijana wa Matondoni, watu wazuri, wacha Mungu. Harusi ilipokaribia akaja ami, nduguye baba, mwenye duka na sauti ya kuamua mambo. Akaamua Zena apelekwe Siyu kwa shangazi mpaka harusi ipite. Hakusema vibaya. Alisema kwa huruma, na huruma ndiyo inayotisha. Wakwe wakimwona, alisema, watadhani ni jambo la ukoo, watahofia wajukuu, na Rahma atavunjikiwa. Nilimwona Mama Zena anakunja nguo za mtoto, anazikunjua, anazikunja. Sote tulijua. Siyu ni mji mzuri, shangazi ni mtu mwema. Lakini mtoto anayefichwa harusini huwa harudi msimu ule. Akirudi, kutakuwa na harusi nyingine.

Asubuhi ya safari ami akaja na mkoba mdogo. Boti ya Pate, kisiwa iliko Siyu, inangoja. Akamkuta Mama wa Vugo ameketi juu ya kizingiti cha Mama Zena, amejaza mlango wote, na pembe zake amezirundika mbele yake kama boma.

"Bi, tupishe ndia."

"Ndia ya wapi?"

"Siyu. Mwana akapumzike. Hapa patakuwa na kelele za harusi, na wewe mwenyewe ndiye usemaye kelele zamuumiza."

Nikasema moyoni, leo kapatikana. Maana alimpiga kwa fimbo yake mwenyewe. Mama wa Vugo akaifuta pembe moja kwa kanga.

"Kelele ni zangu," akasema. "Zikimuumiza, hatoki mwenye masikio, yatoka pembe. Na harusi ikipita, arudi?"

"Atarudi."

"Na wakwe wakija kumtazama bi harusi wao? Na wakija arubaini ya mtoto? Na Idi? Arudi lini, Bwana?"

Ami akatazama upande wa bahari. "Bi, wakimwona watasema ukoo wetu una kasoro."

"Na unayo?"

"Ukoo wetu hauna kasoro!"

"Basi huna la kuficha. Keti unywe chai."

Nyumba za jirani zikaanza kucheka kupitia madirishani. Ami akapandisha sauti, akasema vugo si lake peke yake, atatafuta jingine. "Tafuta," akaambiwa. Na alitafuta, maskini. Lakini wapiga pembe wote wa kisiwa hiki walifinywa na yeye mkono mmoja au mwingine. Mmoja akaumwa na jino. Mmoja akasema amesafiri, naye alisema hivyo akiwa ndani, mlango umefungwa.

Aliyemaliza ni Rahma. Alitoka uwani hina haijamkauka, mikono ameinyoosha mbele isimchafukie, akasimama nyuma ya Mama wa Vugo.

"Ami yangu, nakuheshimu. Wakimkataa mdogo wangu, na wanikatae mimi sasa, hina haijashika."

Boti ya Pate ikaondoka. Mkoba ukarudi ndani. Mama Zena alizitoa zile nguo, na safari hii hakuzikunja, alizivumbata usoni akalia. Mama wa Vugo akamwambia alie upesi, kuna vitunguu.

Siku yenyewe walikuja wanawake wa Matondoni wamenukia udi mpaka nyuki wakapotea ndia. Zena alikuwa uwani nyuma ya jiko, kwenye beseni lake alilolifudikiza, na mofa yake mkononi. Mama wa Vugo akatoka mbele ya safu, akanyanyua pembe nyeusi juu ya ukuta wa uwani. Pembe zote zikapanda. Wageni wakashangaa ule ukimya. Wakasubiri, na sisi tunasubiri, mpaka mlango wa chumba cha ndani ukasikika umefungwa. Ndipo! Yaalah! Mimi nasema makuti ya Wiyoni yalihama mahali pake siku ile.

Vugo lilipotua, watu wakakaa, sinia zikaanza kupita, na mlango wa ndani ukafunguka. Zena akatoka. Alikata katikati ya wakwe, hakumtazama mtu, hakusalimu mtu, mpaka kwa mama mzazi wa bwana harusi. Akainama, akamnusa. Yule mama alikuwa amejibandika kikuba kifuani, kile kishada cha asumini na rihani. Zena akakivuta kikatoka na pini, akakitia puani, akasimama hapo.

Pakawa kimya cha kusikia wali unapoa. Mke wa ami akajifunika uso kwa mtandio.

"Huyu ni Zena," Mama wa Vugo akasema, sauti ile ya kufika Manda, "nduguye bi harusi. Hasalimii. Anusa. Ana usonji, na mwenye swali aniulize mimi."

Mama wa bwana harusi hakumtazama yeye. Alimtazama Zena, kikuba na masikio. "Huyaziba masikio punda wakilia?" akauliza polepole.

"Huyaziba," akajibu Mama Zena.

"Na chakula hali ila kimoja?"

"Kingo za mofa."

Yule mama akashusha pumzi. "Mimi nina mjukuu. Hula wali mweupe tu. Tumemwacha nyumbani na mlango tumeufunga, nyinyi msije mkamwona."

Ungelikuwa wewe ungemshika mkono, ukamliwaza. Mimi machozi yalishanitoka. Mama wa Vugo akampigia kelele.

"Umemfungia mlango ukaja kula pilau? Na harusi yetu si ya leo peke yake! Kesho mlete!"

Wakamleta kesho yake, juu ya punda, ameziba masikio njia nzima. Na nisiseme ilikuwa kama hadithi. Mtoto alilia, akapindua sinia la halua juu ya zulia la watu, na ikabidi arudishwe kabla ya adhuhuri. Zena hata hakumtazama. Walikuwa wawili kila mmoja na ukuta wake. Ami akasema, "Mwaona sasa?" Mama wa Vugo akamjibu, huku anakwangua halua, "Naona. Nimeona watoto wawili harusini. Harusi gani isiyomwaika kitu?" Rahma hakuvunjikiwa. Mpaka leo yuko Matondoni, ana watoto, na kila akija hakuna mlango unaofungwa.

Mwaka jana Mama wa Vugo alipigwa na kiharusi. Ile presha aliyoidharau ilimchukua upande mmoja na ikamchukulia sauti. Sauti ile! Nilipopata nafasi ya kumwendea nilipika mkate wa mofa, nikautia siniani, nikaenda baada ya alasiri. Mlango nikafunguliwa nusu na mke wa mpwawe, msichana mwema, simlaumu.

"Amelala, Bi Cheti."

"Nitamwangalia tu."

Akateremsha sauti. "Mdomo umekwenda upande, na mate. Akisema hasikiki. Tumeona ni bora watu wasimwone vile. Wamkumbuke alivyokuwa."

Huruma ile ile. Nikasimama na sinia langu, mimi mwenye cheti cha fremu, sina neno hata moja. Niligeuka nikaondoka, kweli, hatua kadhaa.

Zena akanipita. Amekuwa mrefu sasa kuliko mamake, buibui amelivaa ndani nje kwa sababu mshono unamkwaruza, vidole ukutani. Hakunisalimu. Alifika mlangoni, akausukuma ule mlango kama mtu anayeingia kwao, na mke wa mpwa akapisha bila kujua kwa nini amepisha. Nikamfuata.

Chumbani kulikuwa na pazia na giza. Zena akachukua ile pembe nyeusi ukutani, akainyanyua juu mbele ya kitanda. Akasubiri. Upande mzima wa yule mwanamke ukaanza kujikusanya: mkono, bega, mguu. Zena hashiki mkono wa mtu; akamshikisha ncha moja ya kanga, nyingine akashika yeye, akamtoa. Polepole. Mimi nyuma na mto. Tukamkalisha barazani, mchana kweupe, mdomo wake upande kama ulivyo.

Mtaa ukaja. Ungetegemea nini? "Masikini, Bi wetu!" Mikono ikaanza, huyu anamfuta mdomo, huyu anamsomea, huyu anamwuliza kwa kelele kama kwamba ni kiziwi, "WAMKA'JE, BI?" Zena akaziba masikio. Na Mama wa Vugo akatoa sauti, si neno, ni kitu kilichopinda kutoka upande mmoja wa kinywa, lakini mimi nimeishi naye, nikajua anatafuta nini. Ufagio ulikuwa nyuma ya mlango, mahali pake pale pale.

"Mikono mbali!" nikasema, na nikaufagia mtaa mpaka mwisho wa uchochoro.

Niliporudi walikuwa wameketi, mmoja anaangalia ukuta na mmoja anaangalia watu. Mke wa mpwa amesimama mlangoni amekunja pazia mikononi. Nikamega mkate, nikampa Mama wa Vugo kipande laini, nikamtolea Zena kingo. Akapita mzee mmoja wa baraza la wanaume, akatoa salamu yake kamili, akangoja.

Mmoja wetu hasalimii, mmoja hawezi, na mimi nilikuwa na mkate mdomoni. Mzee akaendelea na njia yake, anatikisa kichwa. Sisi tukabaki nje.